WANAOMCHOTEA MAJI BINGWA

Kila mwaka, mwezi wa Julai, wapanda baiskeli zaidi ya 170 huzunguka Ufaransa kwa majuma matatu, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000 uliogawanywa katika hatua 21. Mashindano hayo, Tour de France, yalianzishwa mwaka 1903 na gazeti la L'Auto ili lipate kuuza nakala nyingi zaidi. Yafaa jambo hilo likumbukwe: tangu siku ya kwanza miguu ya hao watu ilikuwa ikizungusha biashara ya mwingine.

Wengi humjua yule avaaye fulana ya manjano tu. Lakini katika timu ya watu wanane, walio wengi kazi yao ni kumkinga mkubwa wao na upepo, kumletea chupa za maji kutoka kwenye gari, hata kumpa gurudumu lao lake likipata pancha. Wafaransa humwita mtu wa kazi hiyo kwa neno lenye maana ya mtumishi wa nyumbani. Sisi ambao wazee wetu waliitwa "boi" twaujua uchungu wa jina la namna hiyo.

Wala wakubwa hawakupona. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa baiskeli katika mlima wa Tourmalet. Sheria ilikataza kusaidiwa. Akaibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wakimtazama. Akaadhibiwa hata hivyo, kwa kuwa mtoto mmoja alimvukutia moto!

Sheria ya namna hiyo haitungwi na mtu apandaye baiskeli. Ndiyo maana twaiheshimu siku ya Julai 12, 1978. Wapandaji walikuwa wamechoka kulala usiku mwingi na kuamshwa alfajiri, wapande mara mbili kwa siku moja ili miji mingi zaidi ilipie kufikiwa na mbio. Walipofika Valence d'Agen walishuka, wakauvuka mstari kwa miguu, na watu wakawazomea. Mbele yao alisimama Bernard Hinault, bingwa wa Ufaransa, kijana wa miaka 23. Hatua ile ikafutwa. Na mwezi huohuo Hinault akashinda mashindano yote.

Leo upo mshahara wa kima cha chini katika timu kubwa, na kwa desturi mshindi huwagawia wenzake fedha za zawadi. Hayo ni mema. Lakini fedha za televisheni huwaendea wenye mashindano. Timu huishi kwa wadhamini, na mdhamini akijitoa, bingwa na mchota maji hutafuta kazi pamoja, ingawa bingwa huipata mapema.

Twasema chama cha wapandaji kipewe kiti mahali panapoamuliwa njia, saa za kazi na fungu la televisheni. Na wa kwanza kulidai jambo hilo awe yule mwenye fulana ya manjano, kwa maana yeye ndiye hawawezi kumfukuza.