Ghali Nayo Huvunjika

Ingia hadwea yoyote kati ya Turbo na Eldoret, shika jembe la bei ya chini, uligeuzegeuze kidogo mkononi, na hutakosa kusikia: "Mzee, hilo litakusumbua. Rahisi ni ghali." Kisha mkono wa muuzaji utapanda kwenye rafu ya juu na kushuka na jembe jingine, lenye lebo inayong'aa na bei mara tatu. Unalipa. Unapanda matatu kurudi Sugoi ukijiona mtu aliyeona mbali.

Msemo huo umetuchezea vya kutosha. Husemwa kana kwamba ni hekima ya kumlinda mnunuzi, lakini ukiufuatilia hadi mwisho utakuta anayelindwa ni muuzaji. Jembe la bei ya chini likivunjika, ulionywa, ukafanya ubahili, jilaumu. La bei ya juu likivunjika, haiwezekani, jembe zuri kama hilo halivunjiki hivi hivi, lazima ulilitumia vibaya. Kwa vyovyote vile mwenye kosa ni yule yule aliyetoa pesa.

Ninalo fokojembe, lile la meno matatu, lililonunuliwa kwa ushauri wa aina hiyo. Trekta ikishalima huku kwetu huacha kingo: kando ya ua, chini ya mikaratusi, pembeni mwa mtaro. Huko ndiko sangari hujificha. Sangari haikatwi, ukiikatakata mizizi unaizidisha. Hutaka kung'olewa nzima, na kazi hiyo ndiyo iliyofanya fokojembe liwepo. Basi kabla hata mvua ya kupandia haijaanza, jino la katikati lilikatika pale juu linapoungana na shingo. Halikupinda wala kutoa dalili. Lilikatika mara moja, kwa sauti kavu, likabaki udongoni.

Niliokota kipande nikakitazama, na ningependa kila mkulima ajifunze kutazama hivyo. Sehemu kubwa ya mkatiko ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe zinazometameta kama sukari. Upande mmoja, karibu na ukingo, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa ukucha. Chuma kilichokatika leo hakiwezi kuwa cheusi ndani. Hakijapata nafasi ya kuungua wala kushika kutu. Doa jeusi maana yake ni kwamba pale palikuwa na ufa tangu kiwandani. Chuma kilipotolewa motoni na kupoozwa ghafla kilipasuka kidogo, kisha kiliporudishwa kwenye joto mdomo wa ufa ukaungua. Wakati mwingine utakuta hata rangi ya kiwandani imepenya humo ndani. Nazo zile chembe kubwa zinazometa husema kwamba huenda chuma kilizidishiwa moto. Jembe lile liliuzwa likiwa limeshaanza kuvunjika. Kilichobaki kilikuwa kumtafuta mtu wa kumalizia.

Nikalirudisha. Kijana wa kaunta, ambaye simlaumu sana kwa kuwa naye ameajiriwa, alilitazama bila kulishika.

"Ulichimba mawe, mzee."

"Nilichimba sangari."

"Basi pengine si orijino."

"Nililinunua hapa hapa."

Akageuza risiti yangu na kunionyesha kwa kalamu maandishi ya chini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Angalia alivyopita milango mitatu kwa pumzi moja. Kwanza kosa ni langu. Pili kosa ni la mghushi asiyejulikana. Tatu, hata kama si langu wala la mghushi, karatasi imeshasema. Huo mlango wa pili ndio unaonishangaza zaidi, maana anayeupita anakiri kwamba duka lake huenda linauza bidhaa bandia, na bado anatarajia mimi ndiye nione haya.

Sasa turudi kwenye imani yenyewe, kwamba bei ndiyo kipimo cha uimara. Uimara wa jembe, panga, patasi au spana hutoka sehemu mbili: chuma chenyewe na namna kilivyopitishwa motoni. Chuma cha zana hupashwa hadi kiive, nyuzi 800 na zaidi za selsiasi, kisha hupoozwa ghafla kwenye mafuta au maji. Hapo huwa kigumu sana, lakini kigumu cha kuvunjika. Lazima kirudishwe kwenye joto la chini, nyuzi mia kadhaa tu, ili kipoteze ugumu kidogo na kipate unyumbufu. Hatua hiyo ya pili ikifanywa kwa haraka, au tanuru likiwa na joto lisilo sawa pembeni na katikati, majembe mawili yaliyotoka kwenye kipande kimoja cha chuma, yakapakwa rangi moja na kubandikwa lebo moja, yatakuwa na maisha tofauti kabisa. Jicho halioni tofauti hiyo, na bei haiioni pia. Kwenye bei mna chuma, sawa, lakini mna pia meli, ushuru, lori la kutoka Mombasa, kodi ya duka, faida ya watu wasiopungua watatu, na jina. Jina ndilo hula sehemu nono.

Tena jina lina tabia ya kubadilisha mmiliki likabaki na sifa zake. Wazee wetu walililia jembe la mamba, lile la Chillington lililofuliwa Wolverhampton huko Uingereza, na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na mjukuu anayeonyesha jembe la babu lililobaki ghalani na kusema, unaona, vitu vya bei vinadumu. Anayaona yaliyobaki. Yaliyovunjika mkononi mwa babu huyo huyo yalitupwa au yalifuliwa visu zamani, hayapo kutoa ushahidi.

Marekani nako wamejua kwa gharama kubwa kwamba jina peke yake halitoshi. Craftsman lilikuwa jina la heshima la zana za mkono za kampuni ya Sears, na heshima hiyo haikujengwa na chuma peke yake. Ilijengwa na ahadi: spana yako ikivunjika, irudishe dukani upewe nyingine, maisha yako yote. Mwaka 2017 jina liliuzwa kwa Stanley Black & Decker. Mwaka 2019 wakatangaza kiwanda cha dola milioni 90 huko Fort Worth, Texas, cha kufua zana hizo kwa mitambo ya kisasa. Mitambo ikakataa kwenda ilivyotarajiwa, na mwaka 2023 wakatangaza kukifunga. Dola milioni 90, wahandisi wa kila aina, na jina ambalo kila Mmarekani analijua, na bado spana ziliwashinda. Halafu mimi niambiwe Eldoret kwamba lebo inatosha.

Kuna jambo jingine linaloifanya imani hii isife, nalo ni aibu. Aliyenunua jembe la bei ya chini likavunjika hulipigia kelele sokoni, kanisani, hata kwenye matanga. Aliyelipa mara tatu hunyamaza. Atasema nini? Atachekwa na mke wake kwanza. Kwa hiyo hulipeleka kwa welda kimyakimya, na akiulizwa husema bado analo, ni zuri. Ndiyo maana habari mbaya za vitu ghali hazisafiri.

Huku Sugoi tungetarajiwa kuwa wakali zaidi katika mambo haya. Ni nyumbani kwa Rais aliyeingia Ikulu mwaka 2022 kwa chama chenye nembo ya wilbaro. Zana ya mkono ilipewa heshima ambayo haijawahi kuipata tangu tupate uhuru, ikaimbwa na kubebwa juu kwenye mikutano. Sikumbuki mtu yeyote aliyeuliza gwaranti ya gurudumu.

Na sheria? Ipo, na ina mtego ambao wengi hatuujui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ilifuata ile ya Waingereza ya 1893. Kifungu chake cha 16 kinasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo, basi bidhaa lazima iifae kazi hiyo, hata kama jambo hilo halikuandikwa popote. Lakini kinaongeza: ukinunua kitu mahususi kwa jina lake la biashara, ulinzi huo wa kuifaa kazi yako haupo. Yaani ukiingia ukasema "nipe ile ya fulani", umejipokonya silaha mwenyewe. Ukisema "nataka fokojembe la kung'oa sangari kwenye udongo wenye murram, utanipa lipi?", umemfunga muuzaji na jibu lake. Waingereza waliligombania hilo mahakamani katika kesi ya Baldry dhidi ya Marshall, iliyo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1925. Mnunuzi alisema anataka gari la starehe la kutembelea, muuzaji akapendekeza Bugatti, gari likawa halifai. Muuzaji akajificha nyuma ya jina. Mahakama ikamtoa, kwa sababu mnunuzi alikuwa ametegemea ushauri wake. Bugatti na fokojembe ni mbali, ila hoja ni ile ile: sifa ya jina, ambayo sisi huichukua kuwa kinga yetu, ndiyo inayoweza kutuvua kinga.

Katiba nayo, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaostahili na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amethibitisha ubora wa bidhaa yake, na inayabatilisha maneno yanayojaribu kuuondoa uthibitisho huo. Kwa hiyo yale maandishi ya chini ya risiti, kwa jembe lenye ufa wa kiwandani, ni pambo. Kama ni bandia, hilo ni shauri la muuzaji na aliyemuuzia. Mimi nilimlipa yeye.

Ipo hata Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Lakini tusidanganyane. Hakuna atakayepanda matatu mara tatu kwenda kumshtaki mtu kwa ajili ya jino moja la fokojembe, na wenye maduka wanalijua hilo kuliko mawakili. Nguvu iko kwenye wingi. Chama cha akina mama kinachonunua majembe ishirini kwa mpigo kinaweza kumwambia muuzaji aandike masharti, naye ataandika. Mtu mmoja mmoja tunaambiwa tulichimba mawe.

Watanijibu kwa methali, kwamba mchagua jembe si mkulima. Nadhani methali hiyo ilimfaa mkulima aliyemjua mhunzi wake kwa jina. Likivunjika alilirudisha pale pale lilipofuliwa, na mhunzi hakuwa na kaunta ya kujificha. Ndivyo ilivyo bado kwa mafundi wa jua kali mjini wanaofua panga kutoka kwenye springi za lori. Chuma cha springi ni kizuri kweli, kimetengenezwa kupinda na kurudi. Kazi za mafundi hao zinatofautiana, nyingine ovyo kabisa, lakini ukirudi kesho utamkuta fundi ameketi pale pale.

Sisemi vitu vya bei ya juu vyote ni ulaghai. Vingine vina chuma bora na ukaguzi wa kweli, na kiwanda kinachojali hutupa kilichoharibika kabla hakijafungwa. Ninachokataa ni kulipa ziada halafu nisipewe chochote cha ziada isipokuwa lawama ya heshima zaidi.

Nalo jembe la bei usiliweke chini ya kitanda ukilingojea msimu mwema, kama wengi wafanyavyo kwa kulionea huruma. Ufa wa kiwandani hujitokeza mapema, kwenye kazi ngumu ya kwanza kwanza. Ligonge kwa jiwe dukani usikilize: chuma kizima hulia, chenye ufa mara nyingi hutoa mlio mfu. Kisha lipeleke kwenye sangari wiki ile ile, wakati muuzaji bado anakumbuka sura yako.

Langu liko kwa fundi. Alilipasha moto kwanza, akalichomelea jino, kisha akalizika kwenye majivu lipoe polepole, kwa sababu likipoa ghafla litakatika kando ya weldi. Nilipomuuliza kama litadumu alisema hana uhakika, chuma kimeshaharibiwa na waliolifua, ila likikatika nilirudishe hatanitoza tena. Dukani, lile la rafu ya juu limepanda bei, na kalamu ya kijana wa kaunta iko tayari juu ya kitabu cha risiti. Safari hii nitamwomba aandike kazi nitakayolitumia, na kwamba likivunjika kabla ya mavuno atalipokea. Asipotaka, nitanunua la bei ya chini lililoning'inia kando yake, na ile tofauti nitamnunulia fundi mkaa.