Gari la Taka Litangulie, Koleo Lifuate

Tope likitolewa mtaroni Jumamosi na kuachwa ukingoni, mvua ya Jumanne hulirudisha lilikotoka. Hilo halihitaji mtaalamu. Mkazi wa Tandale, Manzese, Kigogo au Buguruni ameliona kwa macho yake, na pengine tope hilohilo amelitoa yeye mwenyewe mara tatu ndani ya mwaka mmoja.

Watu wa kujitolea Dar es Salaam wapo, na kazi wanaifanya. Asubuhi na mapema wanatoka na makoleo, reki na mabuti ya kuazimana. Wanaingia kwenye maji meusi bila kujua mguu utakanyaga chupa iliyovunjika au sindano. Wanatoa nepi, viroba, vifuu vya madafu, vipande vya godoro na mchanga mwingi. Ikifika saa nne, sakafu ya mtaro inaonekana kwa mara ya kwanza tangu masika. Kisha lundo linabaki palepale, hatua moja kutoka ukingoni, likisubiri gari.

Gari haliji. Ukiuliza utaambiwa limeharibika, au mafuta hayajatoka, au leo ni zamu ya kata nyingine, au barua iliandikwa na bado iko mezani kwa mkubwa fulani. Tukubali kwamba zote ni sababu za kweli. Lakini gari bovu la Jumamosi lilikuwa bovu tangu Alhamisi, na kuna mtu aliyejua. Kwa nini watu hamsini waitwe mtaroni na mtu huyo amenyamaza?

Rai yetu ni hii: koleo lisiingie mtaroni kabla gari halijasimama barabarani. Kama gari halina uhakika, kazi isogezwe, au ipunguzwe hadi kiasi kinachoweza kuondolewa siku hiyohiyo.

Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi si jambo geni kwetu. Tarehe 9 Desemba 2015, kipindupindu kikiwa kinaua, Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akaagiza siku hiyo iwe ya usafi, na yeye mwenyewe akaokota taka upande wa Feri. Baadaye ukawekwa utaratibu wa kila mwezi. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule wamekwisha kumaliza la saba, na sisi bado tunaulizana nani atabeba lundo.

Wa kulibeba anajulikana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, na ada ya taka inakusanywa nyumba kwa nyumba. Anayejitolea kuzibua mtaro anaisaidia halmashauri yake. Halmashauri nayo inapaswa kulipokea lundo mikononi mwake na kulifikisha dampo la Pugu Kinyamwezi, kama ilivyokwisha kulipwa kufanya.

Kuna hoja tunayoisikia kila mara: afadhali nusu ya kazi kuliko kukaa bure. Hatuikubali. Nusu hii ya kazi ina madhara yake. Lundo likikaa ukingoni linaziba njia ya waenda kwa miguu, watoto wanalichezea, kuku wanalitawanya, na mvua ikija linateremka kwa mkupuo mmoja hadi kwenye kalvati, mahali pabaya kuliko pote. Nyumba iliyokuwa inaingiwa na maji kidogokidogo, siku hiyo inaingiwa hadi kitandani.

Hasara kubwa zaidi ni ya watu. Mwezi wa kwanza wanakuja hamsini. Wanaporudi mwezi wa pili na kukuta tope lao limerudi mtaroni, wanabaki ishirini. Mwezi wa nne ni mama mmoja mwenye nyumba jirani na mtaro, mwanawe, na balozi wa shina. Halafu kikao cha mtaa kinalalamika kwamba wananchi hawana mwamko! Mwamko walikuwa nao. Umekatishwa na mtu aliyewafanyisha kazi moja mara mbili.

Ukubwa wa jambo lenyewe tunaujua. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kila masika yakikasirika, Barabara ya Morogoro pale Jangwani inafungwa na mabasi yanakwama. Mto Msimbazi una mradi wake mkubwa wa fedha za Benki ya Dunia, na tunauombea ufike mwisho mwema. Lakini maji ya Msimbazi hayaanzii Jangwani. Yanateremka kutoka vilima vya Pugu, yakiongezwa njiani na kila kimtaro cha uchochoroni, na hakuna mkandarasi mkubwa atakayekuja kuzibua kimtaro cha nyuma ya choo chako. Hicho ni cha jirani na jirani, kwa koleo.

Kuhusu wapi pa kuanzia, kazi imekwisha kufanyika. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa ramani uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika walitembea uchochoro kwa uchochoro wakichora mitaro, madaraja na mahali maji yanapotuama. Nao wengi walikuwa wa kujitolea. Ramani zikatoka. Mtendaji anayetaka kupanga gari lipite wapi hana haja ya kubahatisha.

Njia ni nyembamba, tutaambiwa, gari haliingii. Ni kweli, Tandale kuna mahali hata pikipiki inaomba radhi ikipita. Ndiyo maana kuna guta. Vijana wa maguta na mikokoteni wapo kila kona wakibeba mchanga, maji na makabati ya watu wanaohama. Wakodishwe watano kwa asubuhi moja, wavute viroba kutoka uchochoroni hadi barabara kubwa ambako gari linasubiri. Fedha zinazochapisha fulana za siku ya usafi zielekezwe huko. Na kikundi cha vijana kinachotaka kuifanya kazi hii kila wiki kiende halmashauri kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni fungu la vijana na 4 nyingine la wanawake. Guta ni chombo cha kukopea kabisa.

Lundo lenyewe nalo linapungua ukilichambua palepale. Chupa za plastiki zina wanunuzi. Muite muokota chupa kabla hujaanza, atajaza salfeti zake na kuondoka akishukuru. Mchanga ukikauka, mafundi wanautaka. Kinachobaki kwa ajili ya gari ni tope na uchafu usio na mwenyewe, na huo haujazi gari zima. Tunasisitiza hili kwa sababu tumeona malundo mengi ambayo robo tatu yake ingeondoka bila kumsubiri mtu yeyote.

Majirani zetu wa Rwanda wanafanya umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kazi ikiisha wakazi wanakaa kikao. Sisi kazi ikiisha tunapiga picha na kila mmoja anashika njia yake. Dakika ishirini za kukaa kwenye kivuli, watu wakiwa bado na tope miguuni, zinatosha kukubaliana nani atalifuatilia gari mwezi ujao na nani atatunza makoleo. Kikao cha namna hiyo kina nguvu kuliko cha ofisini, maana kila aliyekaa hapo amefanya kazi.

Kwa Jumamosi inayokuja, ratiba iwe hivi. Jumatano mwenyekiti wa mtaa aongee na afisa afya wa kata. Alhamisi jioni jibu lipatikane, gari lipo au halipo. Likiwepo, tangazo litoke msikitini, kanisani na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Likikosekana, watu waambiwe ukweli, wasafishe mita ishirini tu, kiasi ambacho maguta mawili yanaweza kukimaliza siku hiyohiyo hadi kwenye kontena la karibu. Mita ishirini zilizokwisha kabisa zitawarudisha watu mwezi ujao.

Na dereva wa gari la taka ana simu. Namba yake ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, chini ya namba ya mtendaji, kabla ya Ijumaa saa sita mchana.