Kamera, Mkasi na Chozi wa Tezo

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniandikia akiuliza atawapigaje picha bustanini kwao wale ndege wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua, aliowaona kwenye televisheni. Mwanangu, hao ni ndege wavumaji, na makao yao ni mabara ya Amerika tu. Sisi huku tunao chozi. Jina ni lile lile la tone la jicho, nami nina sababu ya kulikumbuka.

Chozi na mvumaji hawana ukoo, ingawa wote ni wadogo, wanang'aa na hunywa mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani ya ua. Mvumaji hunywa akiwa angani. Chozi aghalabu hutua kwanza, akashika kikonyo kwa kucha, kisha akaingiza mdomo wake uliopinda. Kwa mpiga picha hiyo ni bahati kubwa.

Mimi nilijifunzia kazi hii kwa shangazi yangu huko Tezo, kwenye barabara ya Kilifi kwenda Malindi. Bustani yake si ya maonyesho: minazi, mikorosho miwili, mpapai, mkomamanga, na migomba nyuma ya bafu. Chozi waliipenda migomba kuliko kitu chochote. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu hufunua gamba moja moja, na chini ya kila gamba pana safu ya maua madogo yenye mbochi tele.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mwanga. Nilipiga saa sita mchana, jua la utosini, na dume aliyekuwa kijani cha kumeremeta akatoka mweusi kama kaa la jikoni. Mng'aro ule hutokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa kuakisi nuru; pembe ikibadilika, unazimika. Siku hizi hupiga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, jua likiwa mgongoni kwangu, kamera ikiwa kwenye kasi ya sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Mwenye simu tu asihuzunike. Aiegemeze kwenye kigoda karibu na ua la mgomba, aifungulie video, aende zake akanywe chai.

Kosa la pili ndilo linaloniuma hadi leo. Jike alikuwa amejenga kwenye mkomamanga: kifuko kinachoning'inia, cha nyasi na majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, na kijibaraza juu ya mlango. Nilichungulia nikaona mayai mawili. Nikachukua mkasi, nikakata vitawi vitatu ili mwanga upite. Shangazi akaniangalia, akasema, "Mwanangu, umemvua nguo mwenye nyumba." Nikacheka. Picha zilitoka safi kabisa.

Kesho yake jua lilikipiga kiota tangu asubuhi, nao kunguru walikuwa juu ya paa. Jioni nilikuta kifuko kimechanwa ubavuni na mayai hayamo. Jike alirudi mara mbili, akatua pale pale nilipokata, akaruka. Zile picha sijamwonyesha mtu.

Mtasema chozi wa migombani ni wengi, mayai mawili ni nini? Basi ukitoka Tezo kuelekea Malindi, mkono wa kushoto utaupita msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba 420 hivi. Humo mna chozi wa Amani, aliyepewa jina la Amani kule Usambara, Tanzania. Katika Kenya nzima hana makao mengine, naye yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Hukaa juu kabisa kwenye mirihi. Nimemwona mara moja tu, shingo ikiniuma, na picha sina. Kwake hata mayai mawili ni hesabu kubwa, na mkono uliozoea kukata nyumbani hausahau ukifika msituni.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu. Jike ameonekana akibeba utando wa buibui kwenye mkomamanga ule ule. Nikamwambia nakuja Jumamosi. Akasema karibu, na kamera nije nayo, ila mkasi niuache Nairobi.