Kanuni za Ujenzi Zimlinde Nani?



Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka kibali kabla ya kujenga. Hatuipingi. Torati nayo (Kumb. 22:8) ilimwagiza mjenzi kuweka ukingo darini, mtu asije akaanguka. Kanuni ya ujenzi ni ulinzi wa uhai.

Lakini tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lilianguka Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo. Hayo hayakuwa vibanda vya maskini. Mbona basi mkazi wa bonde la mto Mirongo, au wa miambani Mabatini, akisikia “kanuni mpya” huwaza kwanza alama nyekundu ya X ukutani mwake?

Kanuni inayoogopa nguzo za tajiri na kuvunja ukuta wa maskini si usalama, ni dhuluma. Twadai viwanja vipimwe, ramani za gharama nafuu zitolewe, na mkaguzi afike kabla zege halijamwagwa.

Nasi tusijenge katika mkondo wa maji. Tena parokia inayojenga ukumbi ianze yenyewe kuonyesha kibali chake. Tukidai haki, tuitende.