Shaka ya mama anayeandika hutoka wapi?

Katika kambi za wahami, wamama wengi wana habari nzito za kuandika, lakini ukiwauliza husema: "Mimi ni nani hata niandike?" Watu huwajibu wajipe moyo. Jibu hilo ni jepesi mno.

Buchi Emecheta alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1944. Mwaka 1962 alimfuata mume wake London, mji ambamo mtu mweusi alifungiwa mlango hata akitafuta chumba cha kupanga. Alipoandika kitabu chake cha kwanza, mume akayachoma maandiko. Ndiyo, mume wake mwenyewe. Mwanamke akitendewa hivyo, kisha akajiona hajui kuandika, je, shaka hiyo alizaliwa nayo?

Emecheta aliondoka akiwa na miaka 22 tu, akalea watoto watano. Alifanya kazi, akasoma chuo kikuu, akaandika alfajiri kabla watoto hawajaamka. Mwaka 1972 kikatoka In the Ditch. Kile kilichoungua alikiandika upya, kikatoka mwaka 1976 kwa jina la The Bride Price.

Mama aliyeacha daftari zake ndani ya nyumba iliyoteketea anaelewa jambo hili kuliko sisi sote. Tusimpe hotuba. Anahitaji kalamu, na mtu wa kumshikia mtoto na kumchotea maji angalau asubuhi moja kwa juma. Na akimaliza kuandika, mume au jirani akae chini asome yote, kabla ya kufungua kinywa.