Chembe za saratani hazisubiri mpakani

Mfanyabiashara wa Nateete anajua kwamba mzigo wa nguo waweza kulala Mutukula siku tatu na bado ukauzika. Damu ya mgonjwa wa saratani haina uvumilivu huo.

Saratani inapoenea, baadhi ya chembe zake hutoka kwenye uvimbe na kusafiri ndani ya damu. Kuzipata ni kazi ngumu. Katika mililita moja ya damu mna chembe nyekundu zipatazo bilioni 5, na zile za saratani mara nyingi hazifiki hata kumi. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya Massachusetts General, Marekani, walitangaza kwamba wamefaulu kuziotesha maabara kutokana na damu ya wagonjwa 6 wa saratani ya matiti, kisha wakazijaribia dawa. Lengo ni kujua dawa ifaayo kabla mgonjwa hajaimeza.

Huo bado ni utafiti. Kwa hiyo anayepita stendi akiuza kipimo cha damu cha kugundua kila saratani asiaminiwe.

Hata hivyo, Uganda si mgeni katika elimu hii. Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe kilisafirishwa kutoka Kampala kwenda London kwa Dk. Anthony Epstein. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Kilipomfikia, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Alipoyatazama kwa darubini aliona chembe hai za saratani zikielea. Chembe zilizooteshwa kwa njia hiyo ndizo zilizofichua virusi vya Epstein-Barr mwaka 1964.

Ile ilikuwa bahati, na bahati haiwezi kuwa mpango wa taifa. Chembe hai zilizotolewa kwenye damu hufa upesi; zinahitaji maabara iliyo karibu na kitanda cha mgonjwa. Sisi tuliosomea uhamishoni tulizoea kuamini kwamba elimu iko ng'ambo tu. Imani hiyo tuiache huko.

Tunaiomba serikali iiongezee Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, vifaa na wataalamu ili damu itolewayo hapa ichunguzwe hapa.

Nawe msomaji, ukiona uvimbe usiokwisha, usingoje safari ya mpakani imalizike. Nenda ukapimwe mapema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.