Hata nywele zinazoanguka zimo kwenye hesabu



Katika Mathayo sura ya 10, Yesu anawatuma wanafunzi wake kumi na wawili, wala hawafichi kwamba huko waendako watakutana na mateso. Ili kuwatia moyo anataja vitu viwili vidogo sana: shomoro, ambaye haanguki pasipo Baba kujua, na nywele za vichwa vyao, ambazo zote Mungu anayo hesabu yake. Tumelisikia neno hilo mara nyingi hata tunalipita haraka. Leo tusimame hapo kidogo.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, yaani kifuko kidogo kilichozama kwenye ngozi. Vifuko hivyo vya kichwani viliumbwa tukiwa bado tumboni mwa mama zetu, na baada ya kuzaliwa hatuongezewi vingine. Chini ya kila kifuko, chembe hai hugawanyika na kuusukuma unywele juu, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Kazi hiyo huendelea kwa miaka 2 hadi 6. Kisha kifuko hunywea kwa wiki 2 au 3, hupumzika kwa miezi 3 hivi, unywele wa zamani huanguka, na mwingine huanza kuota palepale.

Ndiyo maana mtu mwenye afya njema hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku. Ziangalie kwenye kitana chako na kwenye mto wako. Maana yake ni kwamba hesabu ya jana si hesabu ya leo. Anayeijua hakuhesabu mara moja akafunga daftari; yupo nawe kila siku, anauona unywele unaoota na anauona unaoanguka. Hata shomoro yule, Yesu hakusema kwamba haanguki. Alisema haanguki peke yake.

Nasema haya kwa sababu katika ibada ya leo wapo watu walioketi na siri chini ya kilemba au wigi. Yupo mama aliyejifungua miezi 3 iliyopita, na kila akichana nywele zinatoka kwa mafungu. Uzazi, homa kali au upasuaji huweza kuvipeleka vifuko vingi mapumzikoni kwa pamoja. Miezi 2 au 3 baadaye nywele huanguka, na kwa kawaida huota tena. Yupo dada anayetibiwa saratani. Dawa zile hushambulia chembe zinazogawanyika upesi, na chembe za kinyweleo ni miongoni mwa hizo. Kwa wengi, nywele hurudi tiba ikiisha. Yupo kijana mwenye mabaka ya upara ya mviringo, kwa kuwa kinga ya mwili wake imevishambulia vifuko vyake yeye mwenyewe. Hali hiyo haiambukizi.

Na sisi tunafanya nini? Tunanong'ona. Huyu anasema amerogwa, yule anasema ana ule ugonjwa, mwingine anamwambia usoni kwamba ana laana, kisha anamuuzia chupa ya mafuta.

Ndugu yangu, soma Walawi 13. Katika sura hiyo hiyo ambamo kuhani anakagua magonjwa ya ngozi ili ajue nani akae nje ya kambi, Sheria inasema wazi kwamba mtu ambaye nywele zake zimeanguka ni mwenye upara tu, naye ni safi. Ikiwa kuhani wa Agano la Kale hakuwa na ruhusa ya kumtoa mtu nje kwa sababu ya upara peke yake, sisi ruhusa hiyo tumeipata wapi?

Kumwombea mgonjwa hakumzuii kwenda hospitali. Mapunye ya watoto ni fangasi, huambukiza, na huhitaji dawa ya kumeza kwa maelekezo ya mganga; ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Upara wa wanaume unaoanzia kwenye paji au utosini hutokana na kurithi na homoni. Haukuletwa na dhambi ya mtu.

Kina mama, kuna jambo lililo mikononi mwetu. Wembe hukata unywele, haugusi mzizi. Ndiyo maana katika Waamuzi 16 nywele za Samsoni zilianza kuota tena akiwa gerezani. Kuvuta ni jambo jingine. Kifuko kinachovutwa miaka kwa miaka na misuko ya kubana hupata kovu, na penye kovu hapaoti tena. Binti akilia kwa msusi, au akitoka vipele kwenye paji, tusimwambie avumilie kwa kuwa urembo una gharama. Tumlegezee. Mapema nywele hurudi, tukichelewa hazirudi.

Wiki hii mkumbuke yule aliyeacha kuja kwaya bila kueleza sababu. Mtembelee. Usimkague kichwa, usimpe ushauri ambao hakuuomba. Keti naye, kunywa chai yake, mwambie nafasi yake ipo.

Nawe ambaye kioo kinakuumiza kila asubuhi, usidhani Mungu anazijua zile tu zilizobaki. Zilizoanguka amezijua pia, na siku zilipoanguka alikuwepo.

Tuombe: Ee Baba, uliyetuumba tumboni mwa mama zetu, wafariji wanaojificha kwa aibu, uwabariki wanaowatibu, na uuzuie ulimi wetu usimuumize aliyekwisha kuumia. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema.